Mara Mbili ni Kushuka

Februari, darasa la saba,
kompyuta nne kwa watoto kumi na tisa,
na moja kati ya hizo nne huzimika
ukigusa tu waya wake kwa goti.
Niliwaambia: dakika tatu. Picha zenu, sauti zenu.
Msiniletee muziki wa vita.

Tornike akaniletea muziki wa vita.
Mji wetu wa manganizi ukalipuka mara tano
ndani ya dakika moja, darasa likashangilia,
nami nikampa saba, kwa kuwa alijua kukata picha
pale pumzi inapokatika.

Nutsa alikaa na karatasi tupu siku nane.
Sina hadithi, mwalimu.
Nyumbani mko na nani?
Na bibi.
Bibi alifanya kazi gani?
Alikuwa akishusha watu.

Akishusha watu! Wakacheka.
Mtu mzima yeyote wa hapa asingecheka:
yale magari ya kamba, masanduku ya bati ya buluu
yaliyoning'inia juu ya bonde,
yakawapeleka wachimbaji zamu ya usiku
na kuwarudisha alfajiri, kope zimejaa vumbi.
Bibi Lamzira alisimama mlangoni mwake miaka thelathini na mmoja,
ufunguo shingoni, akihesabu vichwa.
Kamba zilikatwa. Zikauzwa kwa kilo.

Picha ilikuwa moja, imeliwa na unyevu pembeni.
Nutsa akaipiga kwa simu, akaikuza
hadi uso wa bibi ukawa vitone vya kijivu,
kisha akaiteremsha kwenye kioo polepole,
ikisita kidogo katikati, kama gari lilivyosita
kwenye nguzo ya pili.
Hilo sikumfundisha mimi.
Kengele hakuwa nayo:
akagonga kijiko kwenye sufuria ya maharage, mara tatu,
kajifunika blanketi, mbwa wa jirani asiingie hadithini.

Akaanza kama wakubwa wa huku waanzavyo:
Palikuwapo, wala hapakuwapo kitu.
Miaka yote nimeifundisha sentensi hiyo
kama pazia, kitu cha kufungulia tu.
Siku ile niliisikia ikisema kweli,
maana kando ya shuka tuliyoitundika ukutani,
dirishani, nguzo zilisimama
hazikushika chochote.

Siku ya wazazi bibi alikaa mstari wa mbele, koti hakuvua.
Taa zikazimwa. Kengele ikalia.
"Mara mbili," akasema, kwa sauti ya kazini.
"Mara mbili ni kushuka. Mara tatu ni hatari.
Umewatia watu hofu bure, mwanangu."

Nilidhani Nutsa atalia.
Akaiendea kompyuta, si ile ya goti,
akafungua, mbele ya wazazi wote, utepe wa sauti:
vilima vitatu vidogo vya kijani.
Akaweka kidole juu ya cha tatu, akakifuta.
Akarudisha mwanzo. Palikuwapo, wala hapakuwapo.
Ngo. Ngo.
Na uso wa vitone ukaanza kushuka.

Bibi akatikisa kichwa: sawa, sasa inashuka.
Halafu, bila kuulizwa na mtu:
"Mara tatu niliipiga siku moja tu."

Akanyamaza. Mikono yake ikatafuta ufunguo shingoni.

Tornike, bingwa wa milipuko,
alitoka nyuma akipita juu ya miguu ya watu,
akaiweka simu yake gotini kwa bibi,
akabonyeza kitufe chekundu.
"Hii inanisikia?"
"Inakusikia, bibi."
"Basi mwambie huyo mwalimu asiwashe taa."

Sikuwasha. Dakika tatu zilipita, zikapita nyingine,
na kule gizani, kwenye mwanga wa kioo,
nilimwona Nutsa akifungua kapu la taka,
akilitoa lile pigo la tatu,
akiliandikia jina.